Kuichambua risasi ya bastola ya kiwandani: ganda, fataki, baruti na kichwa

#1 Fundi Vernia

Wakuu, habari za Dodoma na viunga vyake. Uzi huu ni kwa wenye vibali vya bastola, watunza ghala wa kampuni za ulinzi, na yeyote anayekabidhiwa risasi kwa hesabu na kuwekewa daftari la kutia saini. Mijadala ya "risasi ipi bora" huishia kwenye ushabiki wa viwanda kama wa Simba na Yanga. Hapa tuiangalie risasi yenyewe, kipande kwa kipande.

Kwanza maneno. Kiswahili kimetubebesha mzigo: "risasi" ni yale madini mazito laini ya kwenye betri ya gari, ni kile kinachoruka, na ni kitu kizima kinachoingia kwenye magazini. Kwenye uzi huu risasi ni kitu kizima. Kinachoruka tukiite kichwa. Bomba linalobeba vyote ni ganda. Kikombe kidogo katikati ya kitako ni fataki (wengine husema praima). Ndani kuna baruti. Nikitaka kusema yale madini, nitasema madini ya risasi.

Mfano wetu uwe 9x19 mm, ya Georg Luger, iliyopo tangu 1902 na ndiyo ya kawaida kwenye bastola nyingi za sasa. Risasi nzima yenye kichwa cha greni 115 ina uzito wa karibu gramu 12. Igawanye: ganda la brasi karibu gramu 3.9, kichwa gramu 7.45, fataki kama 0.2, na kinachobaki, gramu 0.3 hadi 0.4, ndiyo baruti. Uzito wa punje moja ya mahindi, basi. Na hapo hapo boksi huwachanganya watu: "115 gr" si gramu 115. Hiyo ni greni, na greni moja ni gramu 0.0648. Greni 124 ni gramu 8.04, greni 147 ni gramu 9.53.

Ganda ndilo nililotaka tulikalie. La kawaida ni brasi ya shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kitako chake kinene na kigumu, mdomo wake mwembamba na laini zaidi, na hiyo ni makusudi. Baruti ikiwaka, mdomo hutanuka na kuziba chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kupigwa, ili gesi isirudi nyuma usoni mwa mpigaji, kisha brasi hunywea kidogo ili ganda litoke. Kitako hakitakiwi kutanuka, maana ndicho kinachoshika fataki na ndicho ndoano ya slaidi, lile bamba la juu la bastola linalokwenda nyuma na mbele, inachovuta.

Chukua vernia, kile kipimio cha milimita chenye taya mbili. Ukingo wa kitako una kipenyo kisichozidi mm 9.96. Juu kidogo ya mfereji inaposhika ndoano ganda lina 9.93, na mdomoni 9.65. Kwa hiyo si bomba lililonyooka, linapungua kuelekea mbele. Urefu wa ganda upeo wake ni mm 19.15, na risasi nzima isizidi mm 29.69. Zenye kichwa cha duara mara nyingi huishia kati ya 29 na 29.5, zenye tundu mbele huwa fupi zaidi.

Kwa nini urefu wa ganda unasumbua kiasi hicho? Risasi hii haina ukingo unaotokeza nje kama ya rivolva. Inasimama ndani ya chemba kwa mdomo wa ganda. Ganda fupi mno linazama, pini inaigonga fataki kwa nguvu nusu. Refu mno, slaidi haifungi hadi mwisho. Ndiyo sababu mdomo wa 9x19 hubanwa tu kwa kunyooshwa dhidi ya kichwa, haukunjwi kuingia ndani kama wa .38 Special ya rivolva. Ukiona mdomo uliokunjwa kama upindo wa suruali, hiyo haikutengenezwa na mtu anayejua kazi.

Msimamo wangu, mnaweza kuupinga: karibu kila unachohitaji kujua kuhusu risasi utakisoma bila kuifungua. Risasi uliyoifungua si ile utakayoipiga. Kufungua kunakupa habari za bechi, yaani kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani. Ukaguzi wa nje unakupa habari za hii iliyo mkononi. Isitoshe kufungua ni kazi ya fundi silaha mwenye ruhusa na ya maabara, si ya meza ya chakula. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikukupa kibali cha bastola ili ugeuze sebule kuwa karakana.

#2 Ndachi_Juu

Mkuu umeruka kitako. Mimi huanzia hapo, kabla ya vernia.

Maandishi ya kitakoni husomwa kama saa ya ukutani: juu saa sita, chini saa kumi na mbili... samahani, kwa saa ya Kizungu juu ni 12 na chini ni 6. Kwa kawaida upande mmoja ni kiwanda, upande wa pili ni kaliba, yaani kipimo cha risasi. S&B ni Sellier & Bellot ya Ucheki, kampuni ya tangu 1825. PPU ni Prvi Partizan ya Užice, Serbia. GFL ni Giulio Fiocchi wa Lecco, Italia. CBC ni Wabrazili, wanaouza pia kwa jina la Magtech. FC ni Federal, WIN ni Winchester, wote wa Marekani.

Risasi za kijeshi mara nyingi zina tarakimu mbili za mwaka badala ya kaliba, kwa mfano 83. Za kiraia mara nyingi hazina mwaka kabisa, namba ya bechi iko kwenye kifuniko cha boksi. Ndiyo maana kumwaga risasi kwenye kopo la maziwa ya unga na kutupa boksi ni kosa la kwanza la ghala. Kiwanda kikitangaza kasoro ya bechi fulani, utaijuaje yako?

Msalaba ndani ya duara kitakoni ni alama ya NATO. Hizo hupigwa kwa shinikizo kubwa kidogo kuliko 9x19 ya kawaida ya kiraia. Zenye "+P" nazo vivyo hivyo. Kwenye bastola ya kisasa iliyo nzima hakuna shida. Kwenye chuma cha zamani kilichochoka, uliza fundi kwanza.

#3 Zabibu Chungu

Kwenye hilo la kaliba mtu akiandika tu "9 mm" kwenye daftari la ghala, arudishiwe daftari. Kuna tisa angalau tatu zinazotembea.

9x17: hii ndiyo .380 ACP ya Browning ya 1908, na Wajerumani huiita Kurz, Waitaliano Corto. Majina yote mawili yana maana ya "fupi".

9x18: Makarov, ya Warusi. Hapa ndipo mtego. Kichwa chake si mm 9.01 kama cha 9x19, ni mm 9.27 hivi. Namba "9" waliipata kwa kupima kingine, siyo kichwa.

9x19: yetu.

Ukiweka 9x17 kwenye chemba ya 9x19, ganda fupi linazama na inaweza isiwake kabisa, au ikashikwa na ndoano peke yake, ikawaka, na ganda likavimba au kupasuka. Makarov kwenye 9x19 kwa kawaida haiingii hadi mwisho kwa sababu ni nene, na mtu mwenye haraka anaipiga slaidi kwa kiganja ili ifunge. Usipige slaidi kwa kiganja. Risasi inayokataa kuingia ina sababu.

Kuna ya nne, 9 mm P.A.K., ya bastola za sauti tu. Haina kichwa, mdomo wake umekunjwa kama ua au umezibwa kwa plastiki. Hiyo ukiikuta kwenye boksi la risasi halisi, boksi zima lirudi.

#4 Mgunda wa Bahi

Nizungumzie fataki, maana ndiyo inayolaumiwa kila risasi inapogoma na mara nyingi haina kosa.

Ndani ya kikombe cha fataki kuna tabaka jembamba la mchanganyiko unaowaka kwa kubanwa. Ili ubanwe lazima kuwe na kitu kigumu upande wa pili, kama fuawe la mhunzi. Hapo dunia iligawanyika miaka ya 1860. Edward Boxer, Mwingereza, aliliweka fuawe ndani ya fataki yenyewe, na ganda lake lina tundu moja katikati. Hiram Berdan, Mmarekani, aliliacha fuawe liwe sehemu ya ganda, na pembeni yake kuna matundu mawili madogo. Kichekesho ni kwamba leo Wamarekani wanatumia ya Mwingereza, na Ulaya kwa miaka mingi ilizoea ya Mmarekani. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwenye ganda lililokwisha kupigwa, mulika tochi ndani kupitia mdomoni: tundu moja ni Boxer, mawili ni Berdan.

Fataki ndogo ya bastola ina kipenyo cha mm 4.45, kubwa mm 5.33. 9x19 ni ndogo. .45 ACP kwa kawaida ni kubwa, ingawa siku hizi zipo .45 zenye fataki ndogo.

Cha kukagua kwa kidole: pitisha ncha ya kidole juu ya kitako. Fataki iwe sawa na kitako au chini yake kidogo sana, kama sehemu ya kumi ya milimita. Ikiwa juu, utaihisi kama chunusi. Fataki iliyo juu hugoma pigo la kwanza kwa sababu nguvu yote ya pini inaishia kuisukuma ikae mahali pake. Pigo la pili linawaka. Watu wanasema "fataki mbovu". Fataki ilikuwa nzima, ila haikuwa imekaa. Kwenye rivolva fataki iliyo juu hukwamisha silinda isizunguke.

Kinyume chake kuna fataki iliyogeuzwa, kikombe kikiwa ndani na fuawe likiwa nje. Ukiona kitakoni kitu kama kijiguu cha chuma badala ya uso laini wa mviringo, ndiyo hiyo. Haiwaki kabisa. Viwanda vikubwa hupitisha kila risasi kwenye kamera, ila moja katika bahari ya risasi hupenya.

Duara jekundu, kijani au zambarau kuzunguka fataki ni vanishi ya kuzuia maji na mafuta. Si mapambo, na kutokuwepo kwake si kasoro: viwanda vingi haviweki kwenye risasi za mazoezi.

#5 Saranda Reli

Wakuu, swali la huku kwetu Manyoni. Baruti ya ndani ya risasi ya bastola, mtu akiitia kwenye gobole itakuwaje? Naona umetaja kuwa ni kidogo sana.

#6 Fundi Vernia

Itamtoa mtu mkono, au jicho, au vyote. Na gobole lisilo na kibali lenyewe ni kosa.

Sababu ni hii. Gobole limezoea baruti nyeusi: mkaa, salfa na shura. Hiyo inapimwa kwa kikombe na shinikizo lake ni la chini. Ya kwenye risasi ya kisasa ni nitroselulosi, mara nyingi imeongezwa nitrogliserini. Inazalisha nguvu nyingi zaidi kwa ujazo mdogo na inawaka kwa kasi zaidi kadiri inavyobanwa. Risasi ya 9x19 imepewa upeo wa bar 2,350. Tairi la gari dogo lina bar 2.2 hivi, yaani ni zaidi ya mara elfu. Bomba la maji lililochomelewa halikuumbwa kwa hesabu hiyo. Kikombe kilekile cha baruti nyeusi, kikijazwa hii, ni bomu.

Swali limejibiwa, tusilirudie kwenye uzi huu.

#7 Saranda Reli

Nimekuelewa mkuu. Nilitaka liandikwe hapa ili wengine walisome.

#8 Ndachi_Juu

Kwa vile baruti imetajwa: maabara ikifungua risasi, baruti ya bastola huonekana kwa maumbo matatu makuu. Vidonge bapa kama confetti ya harusini, chembe za mviringo zilizobonyezwa, na vijiti vifupi. Rangi mara nyingi ni kijivu cha penseli kwa sababu hupakwa grafiti isishikane na isizalishe cheche za umeme tuli. Umbo na unene ndiyo huamua kasi ya kuungua. Rangi haiamui kitu.

Viwanda hununua baruti kwa bechi na kurekebisha uzito kwa kila bechi ili kasi na shinikizo vibaki pale pale. Kwa hiyo boksi mbili za kiwanda kimoja, aina moja, zinaweza kuwa na baruti tofauti kwa rangi na kwa uzito, na zote zikawa sahihi. Anayefungua moja na kusema "wamepunguza baruti" amepima kitu kisichopimwa hivyo.

#9 Kisasa Mlimani

Hapo kwenye kupima nina hoja. Tunaweza kupima risasi nzima kwenye mizani na kugundua isiyo na baruti. Mizani ya 0.01 g si ghali siku hizi.

#10 Fundi Vernia

Unaweza kuikamata isiyo na baruti kabisa, ukibahatika. Iliyopungukiwa huwezi. Ngoja tuhesabu.

Baruti yote ni kama gramu 0.35. Maganda ya kiwanda kimoja yanaweza kutofautiana kwa gramu 0.1 au zaidi, vichwa kwa gramu 0.03 au zaidi. Jumlisha tofauti hizo, tayari umepata upana unaomeza theluthi ya baruti. Risasi yenye theluthi mbili tu ya baruti ndani ya ganda zito inaweza kusoma sawa na nzima yenye ganda jepesi. Na boksi likichanganya bechi mbili, mizani haina maana tena. Ukiona moja imepungua kwa 0.3 dhidi ya zote za boksi lake, itenge. Zilizobaki usizipe cheti.

Kutikisa sikioni ni hadithi. Ganda la 9x19 mara nyingi halijai, baruti itasikika. Nyingine zimejaa hazisikiki. Sauti haikuambii kiasi.

Hatari ya isiyo na baruti si kwamba haitoki. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha humo. Mpigaji husikia "puu" badala ya mlio, slaidi haijirudishi, naye kwa mazoea anaivuta na kupiga nyingine. Kichwa cha pili kinakikuta cha kwanza, mtutu unavimba kama nyoka aliyemeza panya, au unapasuka. Mlio ukiwa dhaifu, simama. Elekeza mbele, subiri nusu dakika, toa magazini, fungua, hakikisha chemba ni tupu, kisha pitisha kijiti mtutuni. Ukikuta kimeziba, mpelekee fundi.

#11 Zabibu Chungu

Naomba niongezee lile ambalo kwa maoni yangu linawaumiza zaidi walinzi: kichwa kuzama.

Mlinzi anaingia zamu anaweka risasi chemba, anatoka zamu anaitoa, na ile ile inarudi juu ya magazini. Kesho tena. Kila mara slaidi inapoikimbiza, pua ya kichwa inagonga njia ya kupandia chemba. Kichwa kinashikwa na mbano wa ganda tu. Baada ya mapigo mengi kinaanza kuingia ndani. Nafasi ndani ya ganda la 9x19 ni ndogo, kwa hiyo kichwa kikizama hata milimita moja shinikizo linapanda sana.

Kipimo ni rahisi. Chukua risasi ya boksi lile lile ambayo haijawahi kuingia chemba, pima urefu wake wote. Pima hii ya juu ya magazini. Tofauti ikizidi robo milimita, itenge, usiirudishe. Bila vernia zisimamishe mbili kitako chini juu ya kioo, weka rula juu yao: ikiinama, jicho litakuambia. Na badilisha risasi ya juu kila wiki, ya kwanza iende chini ya magazini.

#12 Mgunda wa Bahi

Sasa kitu kinachotuhusu sisi wa kanda ya kati, watu wa ng'ombe na mbuzi: brasi na mkojo.

Karne ya 19 jeshi la Uingereza huko India lilikuwa na shida ya ajabu. Maganda ya risasi yalikuwa yanapasuka ghalani, hayajapigwa hata moja, hasa msimu wa mvua. Wakaita ufa wa msimu. Baadaye, 1921, wachunguzi walieleza kisa: risasi zilihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, amonia ya mkojo ikachanganyika na unyevu, ikaishambulia brasi ambayo bado ilikuwa na msongo ndani yake tangu ilipofinyangwa. Dawa ikawa kulainisha maganda kwa moto kabla ya kumalizia. Ile rangi ya kama mafuta juani unayoiona kwenye mdomo wa baadhi ya maganda ya kijeshi ni alama ya moto huo. Viwanda vingine huisugua ikaondoka.

Amonia bado ni adui. Hesabu mwenyewe inatoka wapi hapa kwetu: zizi, banda la kuku, samadi ya mashamba ya zabibu, na gunia la mbolea ya urea au ya SA (salfeti ya amonia) lililopata unyevu mwezi wa kwanza. Stoo ya mbolea si ghala la risasi, hata ukiweka kabati la chuma lenye kufuli mbili. Na hii watu hawaiamini: Brasso na dawa nyingine nyingi za kung'arisha shaba zina amonia. Mtunza ghala anayezing'arisha risasi kwa ajili ya ukaguzi anazitayarishia ufa. Futa kwa kitambaa kikavu, basi.

Ufa ukitokea huanzia mdomoni au pale ganda linapokishika kichwa, mstari mwembamba kama unywele kwa urefu wa ganda. Tumia lenzi na mwanga wa pembeni.

Mkanda wa ngozi nao. Ngozi iliyolainishwa kwa dawa ina asidi, risasi ikikaa kwenye vitundu vyake miezi inaota ute wa kijani. Kijani chepesi kinachofutika kwa kitambaa si kitu. Kijani kilichochimba vishimo, au brasi iliyogeuka ya rangi ya waridi, ambayo ni zinki imetoka imebaki shaba, hiyo itoke kwenye hesabu.

#13 Kisasa Mlimani

Na joto? Dodoma mvua ni chache, kutu si shida yetu kubwa, ila bati linachoma.

#14 Mgunda wa Bahi

Joto linaua polepole. Nitroselulosi hujivunja yenyewe hata ukiiacha imekaa, na kiwandani huongezwa kiimarishi, difenilamini kwa mfano, kinachomeza gesi chafu inayotoka. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kiimarishi kinavyoisha haraka. Dashibodi ya gari iliyofungwa juani hupita nyuzi 60. Siku moja haidhuru, kuifanya dashibodi ghala ni habari nyingine. Risasi iliyotunzwa kwenye kivuli, kwenye boksi lake ndani ya sanduku la chuma lenye mpira wa kuziba, hudumu miongo.

Mafuta pia. Dawa ya kupuliza inayolegeza kutu hupenya pembeni mwa fataki isiyo na vanishi. Safisha bastola, ikaushe, ndipo utie risasi.

#15 Ndachi_Juu

Kuhusu vichwa nipite haraka, maana ndivyo vinavyozungumzwa kupita kiasi. Kile cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi yaliyokazwa kwa antimoni kidogo, kimevikwa koti la shaba iliyochanganywa zinki asilimia 5 hadi 10. Kwa vingi koti haligusi kitako cha kichwa. Ukikiona pekee, kiini kinaonekana chini. Vingine vimefunikwa pande zote kwa kuchovywa shaba kwa umeme.

Sumaku ndogo inatosha kukuambia mengine. Ikinata kwenye kichwa, kuna chuma kwenye koti au kiini. Ikinata kwenye ganda, ganda ni chuma lililopakwa vanishi, plastiki au zinki. Ganda la kijivu lisilonata ni alumini, au brasi iliyopakwa nikeli: la alumini ni jepesi dhahiri mkononi. Kwa kupiga mara moja yote ni sawa. Chuma hakinywei vizuri kama brasi, kwa hiyo chemba chafu hulikamata.

Vyenye tundu mbele hutanuka vikiingia mwilini. Vilikatazwa vitani na Azimio la The Hague la 1899, lakini polisi wa nchi nyingi hutumia kwa sababu si rahisi vipite mwilini na kumwendea aliye nyuma.

#16 Zabibu Chungu

Kuna jambo hatujaligusa: risasi iliyojazwa upya ikauzwa kama ya kiwandani, ndani ya boksi la kiwanda. Dalili zake:

Boksi la 50 lina maandishi ya kitakoni ya viwanda vitatu. Kiwanda hakifanyi hivyo, kamwe.

Fataki za rangi mbili, nyingine za fedha nyingine za dhahabu, kwenye boksi moja.

Ukingo wa kitako una mikwaruzo miwili au zaidi ya ndoano. Risasi mpya haijawahi kuvutwa. Mkwaruzo mmoja unaweza kuwa wa kuingizwa na kutolewa chemba, mitatu ina historia.

Ganda lina mistari ya urefu ya kifaa cha kurudisha umbo, au tumbo limevimba upande mmoja juu ya kitako. Hilo la tumbo ni baya kuliko yote.

Kila risasi ina urefu wake. Kumi za kiwanda hutofautiana kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Zikitofautiana kwa nusu milimita, kuna mkono wa mtu.

#17 Kisasa Mlimani

Na lile jaribio la kudondosha kwenye mtutu?

#18 Fundi Vernia

Zuri, na ndilo ninalolipenda kuliko vernia kwa mtu wa ghala. Bastola iwe tupu imefunguliwa, mtutu umetolewa kabisa, uko peke yake mezani mbali na slaidi na pini. Ushike mdomo ukiangalia chini. Dondosha risasi chembani. Inatakiwa iingie kwa uzito wake, itoe "tak" kavu, kitako kiwe sawa na mwisho wa mtutu. Izungushe kwa kidole, izunguke bila kukwaruza. Geuza mtutu juu, itoke yenyewe. Inayogoma kwenye hatua yoyote kati ya hizo ina tumbo, au ni ndefu, au mdomo wake haukubanwa vizuri. Hamsini zinakaguliwa kwa dakika kumi.

#19 Ndachi_Juu

Kwa wanaohusika na maganda yaliyopigwa: masizi yaliyoshuka upande mmoja wa ganda maana yake shinikizo lilikuwa dogo, mdomo haukuziba chemba. Fataki iliyobonyea hadi kona zake zimepotea, au iliyofurika kwenye tundu la pini, inaelekea kwenye shinikizo kubwa, lakini usihukumu kwa hiyo peke yake, maana fataki laini hubonyea bila kosa. Alama ya pini na ya uso wa slaidi ndiyo maabara ya uchunguzi wa kisayansi ya Jeshi la Polisi hulinganisha kwa hadubini. Na chembe ndogo zenye madini ya risasi, bari na antimoni kwa pamoja zinazobaki mikononi zinatoka kwenye fataki, si kwenye baruti. Risasi zenye fataki isiyo na madini ya risasi haziachi utatu huo, kwa hiyo kukosekana kwake hakumsafishi mtu.

Kwenye eneo la tukio ganda usiliokote kwa kulitumbukiza kalamu mdomoni kama kwenye tamthilia. Unakwaruza ndani na kufuta kilichopo. Liache, weka alama, piga picha.

#20 Saranda Reli

Zile zilizotengwa sasa, zenye ufa, zilizozama, zenye kijani cha vishimo, zinaenda wapi?

#21 Fundi Vernia

Zisiende chooni, zisizikwe, zisichomwe na takataka. Risasi ikiwaka nje ya chemba kichwa hakiendi mbali, ila ganda na fataki huruka vipande vinavyoweza kutoboa jicho.

Ziweke kwenye chombo chake, kilichoandikwa, kando na nzima. Andika kwenye daftari idadi, maandishi ya kitakoni, namba ya bechi na kasoro ya kila moja. Kisha mwenye kibali azipeleke mwenyewe kituo cha polisi kinachosimamia kibali chake, na kitabu cha kibali mkononi, apewe hati ya kuzipokea. Apige simu kituoni kabla ya kwenda, wamwambie aje saa ngapi na azibebeje. Hesabu ya daftari na ya kibali zisomane siku hiyo hiyo.